Vidonge vya wasiwasi: cha nusu saa na cha wiki sita

Mtu mwenye wasiwasi uliopitiliza hutoka hospitali na mojawapo ya bahasha mbili. Ya kwanza ina vidonge vidogo vya diazepamu, juu yake pameandikwa kwa kalamu 1x1 usiku, au 1x3. Ya pili ina sertralini au fluoksetini, 1x1 asubuhi. Mwenye bahasha ya kwanza hulala fofofo usiku uleule na kesho yake anamsifu daktari. Mwenye ya pili huamka siku ya tatu kichefuchefu kimemkaba, tumbo linaendesha, moyo unakwenda mbio kuliko jana, na anaapa kwamba kapewa dawa siyo.

Kwa wiki ya kwanza, basi, mshindi anajulikana. Ukipima mwezi wa tatu, mizani imegeuka. Makosa mengi tunayoyaona kwenye dawa hizi yanatokana na kupima siku isiyo yake: watu huiacha ya pili kabla haijaanza kazi, na huing'ang'ania ya kwanza kazi yake ikiwa imekwisha.

Tuanze na Valium, jina linalojulikana hata na asiyewahi kuimeza. Kampuni ya Roche iliitoa mwaka 1963. Siku hizi diazepamu hutengenezwa na viwanda vingi na bei yake ni ya chini mno, jambo ambalo ni sifa na balaa kwa pamoja. Kuna vidonge vya miligramu 2, vya 5 na vya 10. Kilichozoeleka kwetu ni cha 5. Kwa wasiwasi, dozi ya mtu mzima huanzia miligramu 2 mara tatu kwa siku. Dawa hii huitia nguvu GABA, kemikali ya ubongo inayofanya kazi ya breki, na ndani ya nusu saa hadi saa moja shingo iliyokakamaa inalegea, mikono inaacha kutetemeka, mawazo yanapungua mwendo. Kwa degedege, au kwa mtu anayetetemeka baada ya kuacha pombe ghafla, ni dawa ya kuheshimiwa na hospitali haiwezi kukosa.

Shida ni kwamba huingia haraka na kutoka kwa kujivuta. Nusu ya dozi huchukua siku moja hadi mbili kuondoka mwilini, na kabla ya kuondoka ini huigeuza kuwa kemikali nyingine ambayo nayo inatuliza na hukaa siku nyingi zaidi. Aliyemeza saa nne usiku anaweza kuwasha bodaboda saa moja asubuhi akajiona mzima, kumbe breki anazikamata nusu sekunde baada ya wakati wake. Kwa mzee wa miaka 70 hesabu ni mbaya zaidi, kwa sababu ini lake linafanya kazi polepole na dozi ya jana inakutana na ya leo na ya juzi. Huamka kwenda chooni, miguu inamsaliti, nyonga inavunjika. Mzee apewe nusu ya dozi ya mtu mzima, na afadhali asipewe kabisa.

Kumbukumbu nayo inaguswa. Diazepamu haifuti ulichokwisha kukijua, ila inazuia kipya kisishike vizuri. Mwanafunzi anayemeza ili "asipaniki" usiku wa kuamkia mtihani anasoma kurasa arobaini ambazo asubuhi atazikuta nusu hazipo.

Kasoro kubwa ni mazoea. Baada ya wiki 2 hadi 4 za kumeza kila siku, mwili unaanza kuihesabu kama sehemu ya mlo. Kidonge kimoja kinakuwa kama maji, viwili vinafanya kazi ya kimoja, na ukiacha ghafla unapata arosto ya kweli: usingizi unapotea, jasho, mikono inatetemeka, sauti ya kijiko kwenye sahani inaumiza masikio, wasiwasi unarudi mkali kuliko ule uliokupeleka hospitali. Kwa aliyetumia dozi kubwa kwa miezi, degedege linaweza kumwangusha hata kama hajawahi kuwa na kifafa. Mtego uko hapo: dalili za arosto zinafanana mno na ugonjwa wenyewe, kwa hiyo mgonjwa anasema "unaona, bila dawa siwezi," anarudi famasi, na kidonge kinamtuliza kweli, kwa sababu kimezima njaa ambayo kiliianzisha chenyewe.

Kwa ajili hiyo mhGAP, mwongozo wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani, toleo la mwaka 2023, hauipendekezi diazepamu na ndugu zake kwa kutibu wasiwasi wa kudumu wala mashambulio ya hofu. Unaacha nafasi ya siku chache tu pale hali ni ya dharura. Wapo madaktari wanaoitumia kama daraja, wiki moja au mbili za mwanzo wakati sertralini bado inapasha injini. Hilo halina ubaya mradi tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye bahasha. Daraja lisilo na upande wa pili huko ng'ambo ni jukwaa tu la kuvulia samaki.

Pombe na diazepamu havikai chombo kimoja. Bia mbili juu ya kidonge kimoja zinafanya kazi ya bia nyingi. Mbaya zaidi ni kuichanganya na tramadoli, mofini au sirapu ya kikohozi yenye kodeini: zote zinapunguza msukumo wa kupumua, na mtu aliyelala anaweza asivute pumzi inayofuata. Marekani wasimamizi wa dawa waliagiza mwaka 2016 onyo la mchanganyiko huo liandikwe ndani ya kisanduku cheusi kwenye maelezo ya dawa, ambalo ndilo onyo kali kuliko yote waliyonayo. Kwenye mitaa ya Pwani ya Kenya, vidonge vya jamii hii vimeshapata jina lao, bugizi, na wanaovitumia huko hawatafuti kutulia.

Alprazolamu, yaani Xanax, tuipite haraka. Ni ya familia ileile na huandikwa zaidi kwenye kliniki binafsi. Inakolea upesi na kutoka upesi, nusu yake ikiisha ndani ya saa kama 11 hivi, ndiyo maana mtumiaji huanza kuhesabu dakika za dozi inayofuata. Kuiacha ni kugumu kuliko diazepamu. Usidanganywe na namba: miligramu 0.5 ya alprazolamu inakadiriwa sawa na miligramu 5 hadi 10 za diazepamu. Dawa ya fangasi ya ketokonazoli ya kumeza huipandisha mwilini kupita kiasi, na juisi ya balungi inaweza kuipandisha pia.

Kabla hatujaenda kwenye bahasha ya pili, tuitazame bahasha yenyewe. Stripu ya vidonge huwa na tarehe ya kuisha na namba ya toleo vimegongwa kwenye ukingo mmoja tu. Muuzaji akikata vidonge kumi kwa mkasi, mara nyingi ukingo ule unabaki dukani, nawe unaondoka na karatasi ya fedha isiyosema chochote. Omba ukatiwe upande wenye maandishi, au piga picha ya ukingo kwa simu kabla mkasi haujapita. Vidonge vinavyochotwa kutoka kopo la elfu moja na kutiwa bahashani ni bora kuvikataa kabisa kwa dawa za aina hii. Hilo si kudeka. Kuanzia mwishoni mwa 2014 hadi 2015, huko Ituri, mashariki mwa Kongo, mamia ya watu walifikishwa vituo vya afya shingo zimepinda, macho yamepanda juu, ulimi na uso vimekakamaa. Mwanzoni ilidhaniwa homa ya uti wa mgongo. Vipimo vya maabara vilionyesha kuwa vidonge walivyouziwa kwa jina la diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa makubwa ya akili, ambayo mkakamao wa namna hiyo ni mojawapo ya madhara yake. Ukimeza "Valium" na taya au shingo ikaanza kujipinda saa chache baadaye, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali, na bahasha mkononi.

Sasa sertralini. Jina lake la kwanza ni Zoloft, la Pfizer, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991. Vya viwanda vingine vinauzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo na kiambato ni kilekile. Cha muhimu ni kubaki na kiwanda kimoja ukishakizoea, usibadilishe kila mwezi. Kidonge cha kawaida ni miligramu 50. Kwa ugonjwa wa wasiwasi, na hasa mashambulio ya hofu, kuanza na 50 ni kujitafutia ugomvi: anza na 25 kwa wiki moja, kisha 50. Kama cha 25 hakipatikani, kidonge cha 50 chenye mstari katikati hukatwa vizuri. Kiweke juu ya kitu kigumu, mstari ukitazama juu, kisu chembamba kikae ndani ya mstari, kisha kandamiza mara moja bila kusugua. Ukikivunja kwa kucha utapata theluthi na theluthi mbili, na wiki nzima utakuwa unapanda na kushuka bila kujua kwa nini. Nusu iliyobaki irudi ndani ya stripu yake na itumike kesho.

Siku ya kwanza hadi ya nne tumbo ndilo linalolalamika. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko kwenye utumbo, kwa hiyo utumbo unaipata habari kabla ya ubongo kunufaika. Kichefuchefu huanza saa moja au mbili baada ya kumeza, na kuharisha ni kawaida kwa sertralini kuliko kwa ndugu zake. Usimeze na chai ya rangi tupu. Meza baada ya chakula chenye uzito, uji mzito au viazi au mkate na yai. Kahawa ipunguzwe kabisa kwa wiki mbili, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya makopo viachwe, maana wasiwasi wa kafeini na wasiwasi wa dawa vikikutana hutajua kipi ni kipi. Mirungi vilevile. Anayetafuna usiku kucha kisha akalaumu kidonge kwa moyo kwenda mbio anakionea.

Kuanzia siku ya tatu hadi ya kumi ndipo wengi wanapoacha. Wasiwasi unapanda. Usingizi unakatika saa nane usiku. Kuna miayo isiyoisha kwa mtu asiye na usingizi, meno yanasagana usiku na asubuhi taya zinauma, viganja vina jasho. Tanzania tumezoea kuita mambo haya maudhi madogo madogo, na jina hilo linawatendea haki, kwa sababu karibu yote hupungua yenyewe ndani ya wiki mbili. Usingizi ukisumbua, meza asubuhi. Ikikuletea usingizi, kama inavyowatokea baadhi, hamishia usiku. Hakuna saa takatifu. Kinachotakiwa ni saa ileile kila siku.

Wiki ya pili na ya tatu ni kimya cha kukatisha tamaa: maudhi yameondoka, faida haijafika. Kati ya wiki ya nne na ya sita ndipo watu wa nyumbani wanaanza kuona kabla ya mgonjwa mwenyewe. Anapokea simu bila kushtuka. Anapanda daladala iliyojaa. Anakaa foleni ya benki mpaka zamu yake. Hakuna siku moja ya kusema "imeanza". Mwenye kungoja ile hisia ya Valium ya kushushwa mzigo mabegani hataipata, kwa sababu sertralini haigusi kitasa hicho. Kama wiki ya sita imepita na mabadiliko ni hafifu, dozi hupandishwa, 100 na hata zaidi, mwisho 200, kwa hatua za wiki moja au zaidi, si kwa kujiamulia. Hukumu ya kwamba imeshindwa isitolewe kabla ya wiki 8 za dozi ya kutosha.

Kuna maudhi yasiyokwenda na wiki, nayo ni ya chumbani. Mwanamume anachelewa kufika, au hafiki. Mwanamke vilevile, na hamu inapungua kwa wote. Ni malalamiko ya kawaida kwa kundi hili lote la dawa na ndiyo sababu isiyotajwa ya wengi kuacha kimyakimya mwezi wa tatu. Hapa tunalaumu waziwazi: wahudumu wengi hawaulizi, na mgonjwa anaona haya, hasa daktari akiwa wa rika la mama yake. Litaje. Kupunguza dozi kidogo au kubadilisha dawa husaidia, lakini yote yanahitaji anayeandika cheti ajue.

Mambo ya kurudi hospitali siku hiyohiyo ni machache na hayana mjadala. Mwili unaokosa utulivu kiasi cha kushindwa kukaa kitako, ukipiga hatua kutoka ukuta hadi ukuta. Mawazo ya kujidhuru, hasa kwa aliye chini ya miaka 25, katika wiki za mwanzo au dozi ikibadilishwa. Kijana anayeanza dawa hii awe na mtu mmoja nyumbani anayejua. Kuongea bila kituo, siku tatu bila kulala na bila kuchoka, mipango ya kununua magari matatu: huyo huenda ana ugonjwa wa bipola uliokuwa umejificha, na dawa imeuamsha. Mzee anayemeza pia dawa ya presha ya kukojoza, akianza kuchanganyikiwa au kuumwa kichwa, apimwe chumvi ya sodiamu kwenye damu.

La mwisho linahitaji sentensi zaidi, kwa sababu kwetu hufichwa na malaria. Serotonini ikizidi mno mtu hupata homa, jasho, kutetemeka, misuli inakakamaa hasa miguuni, kuharisha na kuchanganyikiwa, mara nyingi ndani ya saa 24 za kuongeza dozi au dawa nyingine. Nyumbani itasemwa malaria imempanda kichwani. Kipimo kifanyike, ndiyo, lakini anayepima aambiwe dawa zote. Mshukiwa wa kwanza ni tramadoli, ambayo inatembea mitaani kama pipi. Wa pili ni sirapu za kikohozi zenye dekstrometofani. Wa tatu ni linezolidi, dawa inayotumika kwa TB sugu. Mgonjwa wa TB sugu na daktari wake lazima walijue hili kabla ya kidonge cha kwanza.

Kwa upande wa TB ya kawaida tatizo ni kinyume. Rifampisini huliamsha ini lichape kazi, na diazepamu na sertralini zote hushuka mwilini, kwa hiyo dozi iliyokuwa inatosha inakuwa haitoshi. TB ikiisha na rifampisini ikaondolewa, viwango vinapanda tena ndani ya wiki chache, na dozi iliyoongezwa lazima ishushwe. Kwa ARV, efavirenzi nayo huishusha sertralini, na yenyewe inaweza kuleta ndoto nzito na wasiwasi. Dolutegraviri haina ugomvi mkubwa nayo, ingawa inaweza kumkosesha mtu usingizi. Ihamishie asubuhi kabla hujaongeza kidonge kingine. Dawa za maumivu ziangaliwe pia: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini pamoja na sertralini huongeza uwezekano wa kuvuja damu tumboni. Kwa kichwa kinachouma, parasetamoli inatosha.

Fluoksetini ndiyo ndugu anayepatikana zaidi kwenye hospitali za umma, kapsuli ya miligramu 20, Prozac kwa jina la kwanza. Kwa wasiwasi ina ukali wake: inaamsha zaidi, inakata hamu ya kula, na ikimezwa jioni usingizi usahaulike. Kapsuli haikatwi. Daktari anayetaka kuanza taratibu hukupa siku moja, unaruka moja, na hilo linawezekana kwa sababu hukaa mwilini siku nyingi mno. Nusu yake, kwa aliyeitumia muda mrefu, huchukua siku 4 hadi 6. Uvivu huo wa kutoka ni zawadi kwa msahaulifu. Ukikosa siku mbili mwili haujui, wakati sertralini ukiikosa siku mbili kichwa kinaanza kupiga shoti kama waya uliochubuka. Ila uvivu huohuo una maana kwamba kubadilisha kwenda dawa nyingine kunahitaji kusubiri, na mwanamke anayetumia tamoksifeni kwa saratani ya titi asipewe fluoksetini, kwa kuwa inazuia tamoksifeni isigeuzwe kuwa dawa kamili.

Esitalopramu ni tulivu kuliko zote mbili, huanza na miligramu 5, kisha 10, mwisho 20, na kwa mzee mwisho 10. Tumbo huivumilia vizuri. Kasoro yake ni moyo: dozi ikiwa kubwa huchelewesha moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata, jambo linaloonekana kwenye kipimo cha ECG. Dawa mseto ya malaria, ile ya artemeta na lumefantrini, ina tabia hiyo pia, kwa hiyo ukipatikana na malaria mwambie mtoa dawa kwamba unameza esitalopramu, hasa kama una historia ya moyo. Kwa anayemudu bei, sisi tungeiweka sawa na sertralini.

Propranololi si dawa ya wasiwasi bali ya mwili wa mwenye wasiwasi. Akili inaendelea kuogopa, ila moyo haudundi na mikono haitetemeki, na mara nyingi akili ikiona mwili umetulia nayo inalegea. Miligramu 10 hadi 40, nusu saa hadi saa moja kabla ya hotuba, usaili au mtihani wa kuendesha gari. Haileti arosto ya aina ya Valium wala haiibi kumbukumbu, na ingekuwa na alama za juu kabisa kama si jambo moja: kwa mwenye pumu ni marufuku. Inaweza kubana njia ya hewa na kuizuia salbutamoli, dawa ya kuifungua njia hiyo, isifanye kazi saa inapohitajika. Mwenye kisukari anayetumia insulini naye ajihadhari, maana kutetemeka na moyo kwenda mbio ndizo kengele za sukari kushuka, na propranololi huzizima. Ijaribu kwanza siku ya mapumziko nyumbani, usiijaribie ukumbini.

Amitriptilini ya miligramu 25 inaandikwa sana kwa sababu ipo na ni rahisi. Inaleta usingizi, inatuliza, na mtu anashukuru. Kisha mdomo unakauka kama mchanga, choo kinakuwa kigumu, uzito unapanda, na mzee mwenye tezi dume anashindwa kukojoa. Ina hatari kubwa ikizidi, kwa hiyo kwenye nyumba yenye mtu aliyekata tamaa au watoto wadogo isikae stripu nyingi. Ikichanganywa na fluoksetini, kama cheti kinavyosema mara kwa mara, fluoksetini huipandisha amitriptilini mwilini. 25 inafanya kazi ya nyingi zaidi. Tunaipa nafasi ya mwisho.

Wakati wa Ramadhani dawa za mara moja kwa siku hazina tabu: fluoksetini kwenye daku, sertralini baada ya futari na chakula kikiwa tumboni. Yenye 1x3 ndiyo inayogoma, na asiachwe mtu kuifunga dozi ya siku nzima ndani ya saa chache za usiku. Amwone daktari wiki mbili kabla ya mwezi kuandama.

Wajawazito na wanaonyonyesha wasiache ghafla wala wasianze wenyewe. Sertralini ndiyo inayopendelewa wakati wa kunyonyesha kwa kuwa kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Diazepamu karibu na kujifungua humfanya mtoto azaliwe amelegea na mvivu wa kunyonya.

Kuhusu kwenda kupata cheti: kliniki za afya ya akili zipo kwenye hospitali za mikoa na kaunti, na kuandikiwa sertralini hakumfanyi mtu kuwa "wa Mirembe", ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Kabla ya dawa yoyote pimwa wingi wa damu na homoni ya tezi ya shingo, kwani upungufu wa damu na tezi inayozalisha kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio uleule.

Kuacha nako kuna ufundi wake. Sertralini na ndugu zake huendelezwa walau miezi 6 hadi 12 baada ya mtu kupona, kisha hushushwa kwa wiki kadhaa: 100, 50, 25, kila hatua wiki 2 hadi 4. Kizunguzungu, ndoto za ajabu na ile shoti ya kichwani zikitokea, rudi hatua moja, kaa, kisha shuka kidogo zaidi. Paroksetini, ndugu mwingine wa kundi hili, ndiyo inayosumbua zaidi kwenye kuacha, fluoksetini ndiyo inayosumbua kidogo.

Diazepamu kwa aliyeizoea miezi mingi hushushwa kwa karibu sehemu moja ya kumi kila wiki mbili, na daktari akijua. Kwa anayemeza miligramu 10 kwa siku, vidonge vya 5 na vya 2 vinatosha kujenga ngazi yote: 9 ni cha 5 kimoja na viwili vya 2, 8 ni vinne vya 2, 7 ni cha 5 na kimoja cha 2, 6 ni vitatu vya 2, 5 unakijua, 4 ni viwili vya 2, 3 ni kimoja cha 2 na nusu yake. Ukifika 3, ngazi zinakuwa ndefu ingawa namba ni zilezile, kwa sababu kutoka 2 kwenda 1 ni kupunguza nusu nzima. Hapo kaa wiki tatu au nne kwa kila hatua, na kidonge cha 2 kikatwe kwa kisu kile kile chembamba, ndani ya mstari.